Sura ya Sita: Katazo na Kipimo

Mgonjwa wa moyo hutoka kliniki na karatasi mkononi. Imeandikwa: punguza chumvi, punguza mafuta, acha mkate mweupe, kula mkate wa ngano isiyokobolewa, asubuhi kunywa uji wa oti. Mgonjwa wa siliaki naye hutoka kliniki nyingine na karatasi yake: usile ngano, usile shayiri, usile rai, na oti usiiguse mpaka uhakikishe haikuchanganyika na nafaka hizo. Wapo watu ambao karatasi zote mbili zinawahusu, na mara nyingi ipo ya tatu ya kisukari, au ya nne ya figo. Wakizipanga juu ya meza huona zinagombana. Wengi huishia kuitii ile ya daktari waliyemwona mwisho.

Sura hii nimewaandikia watu hao, pamoja na wanaowapikia. Karatasi hizo zinaweza kupatana jikoni, lakini si za aina moja. Ya siliaki ni katazo, ya moyo ni kipimo. Anayezisoma kwa jicho moja hupima kile kinachopaswa kukatazwa, kisha hujikataza kile kilichohitaji kupimwa tu.

Tuanze na katazo. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa utumbo huo umefunikwa na vinyweleo vidogo sana, vilivyosimama kama nyuzi za zulia, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Gluteni ikizidi kuingia, vinyweleo husinyaa na kulala. Madini ya chuma, foliki asidi na kalsiamu hupita bila kuchukuliwa. Mtu huishiwa damu, mifupa hudhoofika, tumbo hujaa na kuharisha; au haoni dalili yoyote ya tumbo, anachoka tu miaka nenda miaka rudi. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 100 duniani anao. Na asiseme mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, uliwakuta watoto zaidi ya 5 katika kila 100 wakiwa nao, kiwango kinachozidi sana kile cha Ulaya. Kwetu, ambako kuharisha na upungufu wa damu hupewa haraka majina ya minyoo, amiba au taifodi, siliaki ina mahali pengi pa kujificha.

Tiba yake ni moja, kuacha gluteni maisha yote, na hapa hakuna kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Italia walionyesha kwamba miligramu 50 tu za gluteni kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zilitosha kuharibu utumbo wa wagonjwa waliokuwa tayari wameacha ngano. Kipande kimoja cha mkate kina gramu mbili au zaidi, yaani mara 40 ya kiasi hicho. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoruhusiwa kuandikwa kuwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo nzima. Kwa mwenye siliaki, chapati nusu, sambusa moja ya heshima na makombo ya maandazi kwenye sahani ya ndizi vyote viko upande mmoja wa mstari.

Chumvi haiko hivyo. Mwili unaihitaji, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa milo yote pamoja na iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Mafuta nayo yanahitajika. Swali ni mafuta gani na kiasi gani. Siku moja ya pilau la harusi haiharibu mishipa. Miaka kumi ya kila siku ndiyo huiharibu. Mwenye moyo akijiwekea marufuku ya kila kitu, akala ugali na mchicha wa kuchemsha usio na ladha, baada ya mwezi mmoja huchoka na kurudi kule kule alikotoka, safari hii bila kipimo chochote. Nimeona watu wakijitesa kwa chumvi hadi chakula kikawachukiza, huku wakijiruhusu kipande cha keki kila Jumapili kwa sababu ni kidogo.

Historia ya siliaki yenyewe inafundisha jinsi ilivyo rahisi kukosea katika jambo hili. Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliwatibu watoto wenye ugonjwa huu kwa mlo uliojaa ndizi, na wengi wakapona. Kwa miaka mingi ndizi zikasifiwa kuwa dawa. Uholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke wa Den Haag alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wa siliaki, ambao wangetarajiwa kufa mwanzo, walipata nafuu. Mkate uliporudi mjini, wakaugua tena. Dicke aliandika tasnifu yake mwaka 1950, na tangu hapo ikaeleweka kwamba ndizi za Haas hazikuponya kitu. Zilikuwa zimechukua tu nafasi ya ngano kwenye sahani. Msomaji wa Bukoba au Moshi, ambaye amekula ndizi tangu utotoni, na ajue basi kwamba nusu ya kazi imeshafanywa na bibi yake. Nusu iliyobaki ni ya moyo.

Kuna sababu ya kuujali moyo wa mwenye siliaki kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliotumia takwimu za UK Biobank, wa watu zaidi ya 469,000 wa Uingereza, kama 2,000 kati yao wakiwa na siliaki. Hao 2,000 kwa wastani walikuwa wembamba zaidi, na presha yao na lehemu vilikuwa chini kidogo. Hata hivyo, hatari yao ya kupata ugonjwa wa moyo na mishipa ilizidi ya wengine kwa karibu asilimia 27. Uvimbe wa ndani wa muda mrefu unashukiwa kuwa na mkono wake. Jambo la kushika hapa ni kwamba wembamba na vipimo vizuri vya kawaida si kinga ya kutosha kwa watu hawa.

Utafiti mwingine wa mwaka 2017, wa Marekani, uliofuata watu zaidi ya 110,000 wasio na siliaki kwa miaka 26, ulionyesha kwamba kuacha gluteni peke yake hakumlindi mtu na ugonjwa wa moyo. Waandishi wake walionya pia kwamba anayeiacha bila sababu hupoteza nafaka zisizokobolewa, ambazo moyo unazihitaji. Kwa hiyo jirani mwenye afya njema anayekwambia naye ameacha ngano kwa ajili ya moyo, msikilize kwa adabu na usimfuate.

Hasara hiyo ya nafaka ndiyo mtego mkubwa kwa mwenye siliaki. Akishaambiwa aache mkate, hutafuta mkate mwingine. Katika maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, na zaidi kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, kuna rafu nzima ya biskuti, mikate na keki zisizo na gluteni. Ni salama kwa utumbo, hilo sikatai. Kwa moyo, nyingi ni chakula kibaya: zimeundwa kwa wanga wa mchele, muhogo au viazi, nyuzinyuzi chache, protini kidogo, kisha zikaongezwa mafuta na sukari ili zishikamane na zilike. Tena zina bei ya kuumiza. Mgonjwa ambaye utumbo wake umeanza kupona hufyonza chakula vizuri kuliko zamani, na akila hizo kila siku hunenepa haraka na lehemu kupanda. Biskuti hizo ziwe za siku ya mgeni.

Mlo uliothibitishwa kushusha presha haukutegemea ngano kwa namna yoyote ya lazima. Jaribio la DASH la Marekani, lililochapishwa mwaka 1997, liliwalisha watu 459 kwa wiki nane. Wale waliopewa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yaliyopunguzwa mafuta na mafuta machache yanayoganda, kama walikuwa na presha, kipimo cha juu kilishuka kwa takriban 11, bila hata chumvi kupunguzwa. Mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, njugu: vyote hivyo viko upande salama wa katazo. Sokoni kwetu vimejaa. Ila njia ya kutoka sokoni hadi sahanini ina mitego yake, nayo nataka tuipitie taratibu.

Mahindi, mtama, uwele, ulezi na mchele havina gluteni. Mihogo, viazi, magimbi na ndizi havina. Lakini nafaka huenda mashineni. Mashine ya kusaga ya mtaani husaga mahindi ya mmoja baada ya ngano ya mwingine, na unga unaobaki ndani huingia kwenye debe linalofuata. Mwenye siliaki asage siku ambayo ngano haijapita, au anunue unga wa kiwanda kinachosaga mahindi tu, au familia kadhaa zikubaliane na mwenye mashine. Mtego mbaya kuliko huo ni unga wa lishe. Huo unaouzwa kwa ajili ya watoto na wagonjwa, kwa nia njema kabisa, mara nyingi una mchanganyiko wa mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano ndani yake. Mtoto mwenye siliaki akidhoofika huongezewa uji huo, naye huzidi kudhoofika. Tengeneza wako nyumbani, wa ulezi na mtama, ujue kilichomo. Ulezi pia una kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, jambo la maana kwa asiyeweza maziwa. Ukiuotesha kidogo kabla ya kuusaga, madini yake hufyonzwa vizuri zaidi. Kimea cha ulezi au mtama hakina tatizo. Kimea cha shayiri, kilichomo kwenye bia na vinywaji vingi vya unga vya kopo, ni gluteni.

Kwa moyo, dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu ganda na kiini vimebaki. Mahindi yake yawe yamekaushwa vizuri, yasiyo na ukungu, kwani sumukuvu ni adui wa ini. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinampa zaidi ya 10. Sifa ya oti kwa moyo inatokana na nyuzinyuzi laini zinazonata, ambazo huvuta lehemu na kuitoa. Nyuzinyuzi laini zimo pia kwenye maharage, kunde, choroko, bamia na mapera. Mgonjwa ambaye hawezi kupata oti safi asijione amenyimwa.

Maharage yenyewe hupikwaje? Hapa naomba tusikimbie. Wengi wetu hutia magadi ili yalainike haraka, na hutia pia kwenye kisamvu, mlenda na makande. Magadi ni sodiamu, ndugu ya ile iliyomo kwenye chumvi, nayo hupandisha presha vilevile. Mgonjwa anayejivunia kwamba ameacha chumvi ya mezani anaweza kuwa anakula sodiamu ya siku nzima ndani ya bakuli la kisamvu. Beking pauda na soda ya kupikia ni vivyo hivyo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, pika kwa moto wa polepole au kwenye sufuria ya presha. Kisamvu kitwange zaidi. Vidonge vya mchuzi na viungo vya pakiti vina chumvi nyingi, na vingine vina unga wa ngano ndani yake, kwa hiyo vinaanguka kwenye katazo na kipimo kwa wakati mmoja. Kitunguu saumu, tangawizi, bizari, binzari nyembamba, ndimu na ukwaju vinatosha kuifanya chumvi kidogo isikike. Bizari ya kusagwa inunue nzima uisage mwenyewe, maana si kila muuzaji huuza bizari tupu.

Nazi sitaki kuiondoa kwa mtu wa pwani, na sioni haja. Lakini mafuta yake, zaidi ya asilimia 80, ni ya aina inayoganda na kupandisha lehemu. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ya Singida na Dodoma ni kama asilimia 10 tu. Mwenye moyo apikie mafuta ya alizeti, kwa kijiko na si kwa kumimina kutoka kwenye chupa, na tui liwe jepesi, la siku maalumu, si kila mboga kila siku. Samaki wa mafuta kama kibua, na dagaa wanaoliwa na miba yao, ni chakula cha moyo na cha mifupa. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi. Waloweke na kumwaga maji, au uwaache.

Nje ya nyumba, chipsi za viazi ni viazi, ila zinakaangwa kwenye karai lililotoa sambusa. Bajia za dengu wengine huchanganya na unga wa ngano. Mchuzi wa urojo huzitishwa kwa unga wa ngano. Sosi nyeusi ya soya inayopakwa kwenye mishikaki hutengenezwa kwa ngano. Bokoboko, ambalo ndugu zetu wa Oman huliita harisi, ni ngano tupu na nyama. Kwa upande mwingine vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele, na anayevipika nyumbani kwa karai lake anaweza kuvila kwa amani, akizingatia sukari.

Makatazo mengine nitayapitia kwa ufupi. Maziwa kwanza: kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vinyweleo, kwa hiyo siliaki ikiviharibu, maziwa humsumbua mtu. Vikipona, wengi huyaweza tena, na mtindi huvumilika kabla ya maziwa mabichi. Hili ni la kupima na la muda, usiligeuze kuwa katazo la maisha bila sababu. Chai nayo hunywewa saa moja baada ya chakula, maana huzuia madini ya chuma, na damu pungufu huuchosha moyo.

Figo zikiwa dhaifu, mambo hubadilika kabisa. Matunda, ndizi na mboga tunazozisifia zina potasiamu nyingi, ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha ni potasiamu pia. Mwenye figo asizitumie, wala asifuate mlo wa sura hii, kabla ya kumwona mtaalamu wake. Na wapo wengi Afrika Mashariki, tena vijana, waliobadilishiwa valvu za moyo baada ya baridi yabisi ya moyo, nao hutumia wafarini. Hao huambiwa mitaani wasile mboga za majani. Si kweli. Mchicha na matembele vina vitamini K, inayopingana na dawa hiyo; kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki ili dozi ilingane nacho. Kuacha ghafla ni hatari, na kuzidisha ghafla ni hatari.

Kisha kuna watu. Sijui katazo linalovunjwa na njaa. Linavunjwa na heshima. Umekwenda msibani au kwenye posa, shangazi anakuletea sahani: “Onja kidogo tu mwanangu, usinikatae.” Jibu linalofaa ni la wazi na la mapema: “Shangazi, nimekatazwa ngano hospitali, hata chembe inanidhuru, nipakulie wali na mchuzi wa samaki, nitafurahi.” Watu wetu huheshimu neno la hospitali kuliko neno la mlo. Mwezi wa Ramadhani, wakati futari inajaa tambi, kaimati na sambusa, kuna muhogo, magimbi, viazi vikuu na kunde kwenye mkeka huohuo. Mwenye siliaki apakuliwe mwanzo, kabla kijiko cha tambi hakijazunguka.

Kwa Mkatoliki, hostia ni ya ngano, na Vatikani ilikumbusha mwaka 2017 kwamba isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Ekaristi. Lakini inaruhusiwa hostia yenye gluteni kidogo sana, na inaruhusiwa kupokea kwa kikombe peke yake. Chagua kikombe, na umwombe paroko kiwe cha pembeni, kwa kuwa ndani ya kile kikuu padre hutumbukiza kipande cha hostia. Zungumza naye kabla ya siku ya misa, si kwenye foleni.

Neno langu la mwisho ni kwako ambaye hujapimwa lakini umejiona humu. Usiache ngano leo. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta askari wa kinga wanaoamshwa na gluteni, na kipande kidogo cha utumbo huchukuliwa kuangalia vinyweleo. Ukishaacha ngano, vyote viwili vinaweza kuonekana safi, na hutajua ukweli tena kwa urahisi. Kapime kwanza. Na wewe uliyekwisha kugunduliwa, wanao, wazazi wako na ndugu zako wa tumbo moja wana nafasi ya karibu mmoja kati ya kumi ya kuwa nao, hata kama hawaumwi kitu. Waite, waeleze, na waende wakapimwe wakiwa bado wanakula chapati zao.